Chai Iliyokataliwa Kwenye Kilio

Masomo: Danieli 1:8-16, Warumi 14, 1 Wakorintho 6:19-20

Tunawasalimu ninyi mnaotusikia nyumbani, ninyi mlioweka redio juu ya gunia la mchele sokoni, ninyi mlio shimoni mnaosikiliza kwa zamu, na ninyi mtakaosoma maneno haya kwenye karatasi baada ya ibada. Kama betri ya jirani imekwisha, sikiliza kwa ajili yake, umsimulie jioni.

Leo tunajibu barua. Mama mmoja wa hapa Salamabila ametuletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Anasema mdogo wake anaishi Lubumbashi, na huko ameingia katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo watu wengi wanaliita la Wamormoni. Baba yao alipofariki, mdogo alikuja kwenye kilio. Siku ya kwanza akaletewa chai. Akashukuru, akaomba maji. Siku ya pili akaletewa kahawa. Akashukuru, akaomba maji tena. Shangazi yao akakasirika, akasema mbele ya watu: “Huyu amekuja kutudharau hata kwenye maiti ya ndugu yangu.” Kilio kikageuka ugomvi. Usiku mdogo alimwambia dada yake maneno ambayo mama huyu ameyaandika kwa kalamu nyekundu. Alimwambia: ninyi Wapentekoste mnanicheka mimi kwa kikombe cha chai, lakini ninyi wenyewe mnamtoa mtu kanisani kwa chupa moja, basi tofauti yetu ni nini? Mama anatuuliza: Papa Pasta, mdogo wangu amepotea au ana haki? Na akirudi, nimwekee nini mezani?

Wapendwa, tulipoisoma barua hii mara ya kwanza tulikuwa na jibu tayari mdomoni. Tulitaka kusema amepotea, tupige amina, twende kwenye wimbo. Lakini kikombe kilichokuwa mkononi mwetu saa ile kilikuwa cha kahawa. Tukanyamaza kidogo.

Kwanza tuwe watu wa haki. Wale ndugu hawakubuni jambo hili Lubumbashi. Lilianza mbali, huko Marekani, katika mji mdogo wa Kirtland, jimbo la Ohio, tarehe 27 Februari 1833. Mwanzilishi wao, Joseph Smith, alikuwa akiwafundisha wazee wake katika chumba cha juu, juu ya jiko la mke wake, Emma. Brigham Young, aliyewaongoza baadaye, ndiye aliyesimulia mambo ya chumba hicho. Alisema wanaume walipoingia darasani, jambo la kwanza lilikuwa kuwasha kiko. Chumba kizima moshi. Wengine walitafuna tumbako na kutema mate chini. Wakimaliza kuongea mambo ya mbinguni wanaondoka, na anayebaki na sakafu ni Mama Emma. Aliisugua na haikutakata. Akalalamika. Ndipo mumewe akaenda kuuliza kwa Mungu, na yakatoka maneno wanayoyaita Neno la Hekima, ambayo leo ni sehemu ya 89 ya kitabu chao cha Mafundisho na Maagano.

Sisi hatukipokei kitabu hicho kama Maandiko, na hatutalificha hilo ili tupendwe. Biblia inatutosha. Lakini mwanamke aliyepiga magoti akisugua mate ya wahubiri, huyo tunamfahamu. Mama zetu wa usafi wa kanisa wanamfahamu zaidi.

Maneno hayo yanasema nini? Yanakataza divai na pombe kali, yanakataza tumbako, yanakataza vinywaji vya moto, na viongozi wao walieleza kwamba maana yake ni chai na kahawa. Si moto wenyewe unaokatazwa. Mchaichai wanakunywa, na maji ya moto pia. Halafu yanaendelea, na sehemu hii watu hawaisimulii sana: yanasifu nafaka, yanasifu matunda kila kimoja kwa majira yake, na nyama yanasema itumiwe kwa uchache. Mwanzoni hayakutolewa kama amri. Yalitolewa kama shauri. Miaka ilipita, na wazee wao wengi waliendelea na kikombe na kiko. Ilifika 1921 ndipo ikawa sharti: asiyelishika haingii hekaluni. Na hekalu si jambo la mbali tena, maana Aprili 2019 walilifungua la kwanza la nchi yetu pale Kinshasa. Basi kwa kijana yule, kikombe cha shangazi hakikuwa kikombe tu. Kilikuwa mlango.

Sasa tuangalie mtaa wetu. Je, Mmormoni ndiye wa kwanza kukataa sahani hapa kwetu? Tuko karibu na Kasongo, na Uislamu ulifika Kasongo pamoja na misafara ya Waungwana kabla hata Wabelgiji hawajaweka bendera. Jirani yetu Mwislamu hali nguruwe wala hanywi pombe, na tumezoea. Hatumwiti mwenye dharau. Tukimwalika tunamwita yeye mwenyewe au kijana wake aje kuchinja kuku. Jirani Muadventista hali nguruwe, na kambale pia hali, kwa sababu hana magamba. Ndugu zetu Wakimbangu hawanywi pombe, hawavuti, hawali nguruwe wala nyani, na hapa kwetu kukataa nyani si jambo dogo, muulizeni mtu yeyote anayetoka porini na mtego wake. Na sisi Wapentekoste hatunywi na hatuvuti. Ukitaka kulisha watu wote wa Salamabila kwa chungu kimoja, utabaki na bugali, sombe na chumvi. Na hata hapo mmoja atauliza ndani ya sombe umetia nini.

Basi kabla ya kumcheka mtu wa chai, tukumbuke kwamba mbele ya wengine sisi ndio watu wa ajabu.

Danieli naye alikuwa mtu wa ajabu. Fungueni sura ya kwanza. Vijana wanne wamechukuliwa mateka, wako nchi ya kigeni, wanapewa chakula cha mfalme na divai yake. Danieli anakusudia moyoni kutojitia unajisi. Tazameni namna alivyofanya. Hakugeuza meza. Hakuhubiri. Alikwenda kwa mkuu wa matowashi na kuomba, na huyo alipoogopa, Danieli akampa msimamizi siku kumi za kujaribu: mboga na maji, halafu tuangalie nyuso zetu. Aliomba kwa heshima, akamfikiria na yule mwenye kazi yake, ambaye angeweza kupoteza kichwa. Na hakuwa peke yake. Walikuwa wanne. Tulipokuwa kwenye shule ya Biblia tulifundishwa sana juu ya moyo wa Danieli, na ni haki. Juu ya hawa watatu waliokula naye mboga zilezile kila siku tulifundishwa kidogo. Tangu tulipoanza kuchunga watu wa machimbo tumeona kwamba hawa watatu ni nusu ya habari.

Tuje sasa kwa sheria yetu wenyewe. Ilitoka wapi? Biblia inakataza ulevi waziwazi, kutoka Mithali mpaka Waefeso. Lakini Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hatuwezi kuzirarua kurasa hizo. Kukataa kabisa, tone moja lisiguswe, ni uamuzi wa kanisa. Makanisa yetu ya Kipentekoste ya nchi hii yaliuweka mapema, tangu siku za wamisionari, wale waliokuja Katanga na Burton na Salter mwaka 1915 na wale Waswidi waliokuja Kivu miaka michache baadaye, na wazee wetu Wakongo waliushika kwa mikono miwili kwa sababu walijua wanachokiona vijijini.

Sisi tunasema ulikuwa uamuzi mzuri. Tunausema tukijua tunachosema. Anayetaka kujua kwa nini, asimuulize pasta. Amuulize mama ambaye mume wake ameuza dhahabu Jumamosi. Lotoko ya mihogo na mahindi inachemshwa kwenye pipa, inatiririka kwenye bomba, na hakuna mtu anayeipima nguvu yake. Chupa ya leo si sawa na chupa ya jana. Mikasi ya kwanza ya kuchemsha inaweza kuwa na sumu inayomaliza macho. Mtu anaingia nganda na pesa ya wiki nzima, anatoka asubuhi akiwa na deni. Watoto wanasubiri daftari. Kwa mji kama wetu, ambamo pesa inatoka ardhini kwa ghafla na inaondoka kwa ghafla, kanisa lililosema “hata tone” liliokoa nyumba nyingi. Mungu alisifiwe kwa hilo.

Lakini tuone kilichotokea. Kama kwa wale wa Kirtland, shauri jema lilikuwa sharti, na sharti likawa kipimo. Leo ukiuliza katika makanisa yetu mkristo mzuri ni nani, mwenzetu atajibu haraka: hanywi, havuti. Amemaliza. Kana kwamba Bwana alikufa msalabani ili sisi tunywe soda.

Na hapo maneno ya kijana wa Lubumbashi yanatuchoma. Anasema, mnachagua. Juu ya chai na kahawa wenyewe tunamjibu kwa Warumi 14: mwingine anakula vyote, mwingine anakula mboga tu, anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Kahawa si dhambi. Tunarudia, asije mtu akasema pasta amegeuka. Lakini tulijaribu jambo. Baada ya barua ile tuliacha kahawa kwa wiki mbili. Siku ya pili kichwa kilituuma mpaka tukamkemea mtoto bila sababu. Siku ya nne tukalala kwenye kikao cha wazee. Tukatambua jambo la aibu: mikesha yetu ya Ijumaa, ile tunayoitangaza kwamba inaongozwa na Roho Mtakatifu, inaongozwa pia na termosi mbili kubwa za mama wa jikoni. (Tumerudi kunywa, kikombe kimoja asubuhi. Mama Pasta anahesabu.) Paulo anasema vitu vyote ni halali kwake, lakini hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Tulikuwa tumetawaliwa, na hatukujua kwa sababu hakuna aliyekataza.

Hili ndilo tunalotaka mlichukue leo kutoka kwa ndugu huyu. Sheria ya mwili inafumbua macho mahali ilipowekwa, na inaweza kuyafumba mahali pengine pote.

Kule Marekani mtafiti mmoja, James Enstrom, aliwafuatilia Wamormoni wa California kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Wale walioshika dini yao walikufa kwa kansa kwa uchache kuliko Wazungu wa Marekani kwa jumla. Hakuna ajabu kubwa, hawavuti. Lakini alipowachagua walio na afya nzuri kuliko wote, aliangalia mambo matatu: hawakuvuta kamwe, wanafanya mazoezi ya mwili, na wanalala usingizi wa kutosha, saa saba au nane. Usingizi, wapendwa! Ni nani katika makanisa yetu aliyewahi kuitwa mbele ya wazee kwa sababu halali? Mchimbaji anayeshuka usiku na kubeba mawe mchana tunamsifu kwa bidii. Pasta asiyelala tunamsifu zaidi. Wavuti sigara tunawatoa, na mama anayepika kwa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, anayevuta moshi huo miaka thelathini na mtoto mgongoni, tunamwita mama mwenye bidii.

Sasa tunafika mahali pagumu, na tutasema makosa yetu sisi wenyewe, si ya mtu mwingine.

Katika kanisa tunalolichunga kulikuwa na kijana wa kwaya, mwenye sauti nzuri, mchimbaji, ana mke na mtoto mmoja. Watu wakaleta habari kwamba ameonekana nganda. Tukamwita. Akakana kidogo, halafu akakubali: mara mbili. Lakini wazee walisema si mara mbili, ni mlevi kabisa, tazameni mikono yake inavyotetemeka. Na kweli ilitetemeka. Hakuweza kushika kitabu cha nyimbo kikatulia. Tukaandika kwenye kitabu cha kanisa: ametengwa miezi sita, haimbi, hasogei mezani pa Bwana.

Mnajua kutengwa kunavyokuwa. Tulimaanisha kumrudisha, kwa kweli tulimsahau. Jumapili alikaa nyuma karibu na mlango, halafu nje chini ya mwembe, halafu hakuja. Kule nganda walimsalimia kwa jina lake. Sisi tuliokuwa na jina lake kwenye kitabu hatukulitaja.

Mwezi wa nne tulikwenda kwake, si kwa sababu ya upendo mkubwa; tulikuwa tunapita, mvua ikatunyeshea. Tulipoingia alikuwa jikoni. Mkewe anageuza bugali, mtoto mgongoni. Pembeni ya sufuria, kwenye makaa yaleyale, kijana ameweka kijiko kirefu, na ndani ya kijiko kidonge cha rangi ya fedha. Kila mtu wa Salamabila anajua kile ni nini. Ni dhahabu iliyoshikwa na zebaki, ile tunayoiita merkiri. Unaponda jiwe, unaosha, unatia merkiri, inakusanya vumbi la dhahabu, unakamua kwenye kitambaa, unachoma. Merkiri inaondoka kwa hewa, dhahabu inabaki. Tulikaa pale. Tukamwuliza kama ameacha kunywa. Tukamsogelea ili tusikie harufu ya mdomo wake. Tukamsomea Neno, tukaomba, mvua ikakatika, tukaondoka. Juu ya kijiko hatukusema hata neno moja, kwa sababu hakuna sheria ya kijiko.

Baadaye tulizungumza na muuguzi mmoja kwa habari nyingine kabisa, tukamsimulia kuhusu mikono ya kijana. Akatuuliza: anachoma merkiri? Tukasema ndiyo. Ndani ya nyumba? Ndiyo. Akatuambia mitetemeko inaweza kutoka kwa pombe, na inaweza kutoka kwa merkiri pia. Merkiri ikichomwa inakuwa hewa isiyoonekana na isiyo na harufu. Inaingia kwenye mapafu, inapita katika damu mpaka kwenye ubongo na figo. Mtu anatetemeka, anasahau, anakuwa mkali bila sababu, halali. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, na kwa mimba ni mbaya kabisa, kwa sababu inapita kwa mama ikamkuta yule ambaye bado anaumbwa. Na haiondoki moto unapozimwa; inashika kwenye ukuta, kwenye nguo, kwenye kitanda.

Wapendwa, tulirudi nyumbani tumeinamisha kichwa. Tulikuwa tumemhukumu mtu kwa mikono yake. Tulikuwa tumesimama ndani ya hekalu la Roho Mtakatifu, maana Paulo anauita mwili hivyo, na si mwili wake peke yake, ulikuwa wa mkewe na wa mtoto, tukinusa pumzi yake na kuacha sumu ikipanda mbele ya macho yetu. Kama Mama Emma angekuwa mke wa mchimbaji wa Namoya, asingelalamika juu ya tumbako. Angelalamika juu ya kijiko.

Hatusemi alikuwa hanywi. Alikunywa, na alituambia kwa nini: akinywa analala. Hatusemi pia kanisa lisiwe na nidhamu. Tunasema tulisimamia amri moja kwa ukali, na yale tusiyo na amri juu yake hatukuyaona kabisa.

Kwa hiyo tulifanya nini? Tuliwaita wazee, tukawasimulia kama tunavyowasimulia ninyi. Palikuwa na makelele. Mzee mmoja alisema, Pasta, ukikataza merkiri umekataza chakula cha nusu ya kanisa. Alisema kweli, na hatukuikataza. Tulikubaliana tu kwamba hakuna mshiriki wetu atakayeichoma ndani ya nyumba, wala karibu na jiko, wala mbele ya mtoto au mama mwenye mimba. Achome nje, mbali na nyumba, asimame upande upepo unakotoka, sufuria na kijiko cha kazi hiyo kisirudi jikoni kamwe, aoge na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na kitambaa asikifulie kwenye kisima wala kijitoni. Kuchoma nje hakuondoi sumu, kunaipunguza kwa watoto tu. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba, ambacho kinaushika mvuke na kuurudisha kuwa merkiri tena, mtu akaitumia mara ya pili. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza wakionyeshwa. Wachimbaji sita wa kanisa wamechanga pesa kwa ajili ya kimoja. Anayekitumia hapaswi kukifungua kikiwa bado cha moto.

Hiyo ndiyo tumeiandika kwenye kitabu kilekile tulichoandika jina la kijana. Hatukuiita Neno la Hekima, maana jina hilo lina wenyewe. Hatukuiita amri ya Mungu pia. Ni shauri. Tunaomba watoto wetu wasije kuligeuza kuwa kipimo cha nani ameokoka.

Na kijana? Tulikwenda tena, safari hii si kwa sababu ya mvua. Tulikwenda watatu, na yeye wa nne. Tulimwomba msamaha mbele ya mke wake. Hakujibu kitu, alituletea viti. Sasa jioni anapotoka shimoni, saa ile ambayo timu inagawana pesa na PDG wa shimo anasema twende tukapoze koo, mmoja wetu anakuwa pale njiani. Si kumlinda kama polisi. Wanatembea pamoja, wanapita nganda wakiongea mpira. Mara mbili ameshindwa, na wote watatu walijua usiku uleule, na asubuhi walikuwa mlangoni kwake. Hajarudi kwenye kwaya bado. Tulimrudisha mezani pa Bwana kabla ya miezi sita kwisha, na kuna wazee ambao hawajatusamehe kwa hilo.

Kuishi kwa sheria ya mwili kila siku ni hapo, wapendwa, kwenye njia ya kutoka shimoni. Ni kwenye orodha ya mahari, pale ukoo unapoandika kasha za bia na chupa za lotoko kwa wazee, na ninyi wazazi waliookoka mnaogopa kusema neno. Semeni mapema, kabla orodha haijaandikwa, kama Danieli alivyosema kabla sahani haijafika. Hesabuni thamani ya kasha, toeni sukari, chumvi, kitenge, au pesa yenyewe. Waislamu wa Kasongo wanaoza watoto wao bila chupa na watoto wanaolewa. Ni kwenye kilio pia, ambako mtu anayekataa kikombe anaonekana amemkataa marehemu. Hapo anayekataa abebe mzigo wake: afike mapema, achote maji, apasue kuni, alale chini na wafiwa, ili hakuna atakayehesabu alichokunywa.

Mama yetu uliyetuandikia, sasa jibu lako. Umeuliza kama mdogo wako amepotea. Juu ya kitabu chake tuna mengi ya kuzungumza naye, na tutayazungumza uso kwa uso akikubali, Biblia ikiwa wazi. Juu ya kikombe, mwache. Kwa jambo hilo hakumdharau baba yenu. Mwambie shangazi kwamba sisi tumesema hivyo, kama atakasirika atukasirikie sisi, tumezoea. Na umeuliza umwekee nini mezani. Mama, una mchaichai nyuma ya nyumba, tumeuona. Chemsha huo, utie sukari, mpe na mandazi. Sukari isizidi, maana hiyo nayo hakuna aliyeikataza.

Akifika, tutumie mtoto. Tutakuja kumsalimia. Na tutamletea kijana mmoja tunayetaka aonane naye, kwa sababu yeye anajua namna ya kukaa kwenye meza ambapo wote wanakunywa na yeye hanywi, na kijana wetu anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa mtu ambaye si pasta wake.

Neema ya Bwana wetu Yesu iwe pamoja nanyi. Tutaonana juma lijalo saa ileile.